Hoja Halali na Shaka Zinazorundikana

Katika mantiki, hoja huwa halali pale ambapo haiwezekani madai yake yote ya awali yawe ya kweli huku hitimisho likiwa la uongo. Fasili hiyo ni imara, lakini haisemi lolote kuhusu mtu anayeyaamini madai hayo kwa kiasi tu, na kwa kawaida ndivyo tunavyoamini mambo mengi. Mwanafalsafa Ernest Adams alilishughulikia suala hili kwa kina, na kanuni yake napenda kuieleza kwa mchoro.

Chora mstatili ambao eneo lake ni 1, ukiwakilisha hali zote zinazowezekana. Tia kivuli sehemu ambamo dai la kwanza ni la uongo, tuseme 0.1 ya eneo (hiyo ndiyo shaka ya dai hilo, yaani uwezekano wa kuwa la uongo), kisha fanya vivyo hivyo kwa dai la pili. Pasipo na kivuli madai yote mawili ni ya kweli, na kwa kuwa hoja ni halali, hitimisho nalo ni la kweli hapo. Haliwezi kuwa la uongo ila ndani ya kivuli. Vivuli vikipishana, eneo lake kwa pamoja hupungua. Visipopishana hata kidogo, hufika 0.2, wala hapana zaidi. Basi shaka ya hitimisho haizidi jumla ya shaka za madai. Yakiwa madai kumi ya aina hiyo, kivuli chaweza kuufunika mstatili mzima.

Bahati nasibu aliyoijadili mwanafalsafa Henry Kyburg mwaka 1961 inatumia mwanya huohuo. Tiketi ni 1,000 na moja tu itashinda, hivyo uwezekano wa kila tiketi kukosa ni 0.999. Ukisema kwamba uwezekano wa kiwango hicho unatosha kuamini jambo, utaamini kuhusu kila tiketi kwamba itakosa; ukiziunganisha kauli hizo zote, unahitimisha kwamba hakuna itakayoshinda. Kupandisha kiwango hadi 0.9999 hakusaidii, kwani bahati nasibu ya tiketi 10,000 hurudisha tatizo lilelile. Wapo wanaokataa kuunganisha imani. Mimi naona kosa limetangulia: uwezekano mkubwa, peke yake, haujawa ujuzi.

Je, mchoro ule ni uthibitisho au ni kielelezo tu? Mwaka 1994 Sun-Joo Shin alionyesha kwamba michoro ya aina ya mwanamantiki John Venn (maduara yanayopishana kuonyesha uhusiano wa makundi), ikiwekewa kanuni bayana, huwa mfumo kamili wa mantiki. Umbo, hata hivyo, lina mipaka yake: maduara manne hugawa karatasi katika sehemu 14 tu, ilhali istilahi nne, yaani makundi manne, zinahitaji 16 ili kila mchanganyiko uwe na sehemu yake, ndiyo maana Venn alitumia duaradufu. Mstatili wetu haufungwi na kikwazo hicho, kwa sababu hoja yake inategemea ukubwa wa vivuli, si umbo lake, na kwa hiyo nauhesabu kuwa uthibitisho, yawe madai mawili au elfu.