Hiyo pumzi yenu mnayotaka kupanda nayo Mlima Kenya

"Mjomba, mimi nina pumzi. Siku tano mlimani za nini? Tufanye tatu." Haya mimi ninayewapandisha watu mlimani nimeambiwa na wachezaji mpira, na wanaokimbia ufukweni Silversands alfajiri, na wiki hii na kijana mzamiaji. Basi leo nayaandika, nisiyarudie tena kwenye simu.

Mazoezi yanakupa miguu. Kinga ya ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata mtu akipanda juu haraka kabla mwili haujazoea, hayakupi. Tena mwenye miguu ndiye anayenitia hofu, maana hufika juu kabla mwili wake haujajua umepelekwa wapi. Mama wa makamo anayesimama kila kona kupiga picha za mimea ya lobelia, jioni anakula wali wake na kulala.

Na tuache kusema huko juu oksijeni imeisha. Ni ile ile, asilimia 21, kama hapa Malindi. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Wazamiaji mnalijua hili kuliko mtu yeyote: ukishuka mita 10 baharini, mgandamizo unakuwa maradufu. Sasa geuza. Kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985, umebaki nusu na ushei kidogo. Kila pumzi unayovuta imebeba oksijeni kidogo, hata uwe na mapafu makubwa namna gani. Halafu mzamiaji asiye na mtungi amejifunza kujizuia kupumua, wakati mlimani unatakiwa kupumua zaidi, mchana na usiku. Sasa hiyo pumzi yake itamsaidia nini?

Mwili ukipumua kwa kasi hutoa kabonidayoksaidi nyingi mno, damu inapoteza asidi yake, na ubongo unaamuru: punguza. Figo ndizo zinazorekebisha, kwa njia ya mkojo, na figo haziharakishwi. Zinataka siku kadhaa. Ndiyo maana unatoka hemani mara kwa mara kwenye baridi ile. Msiache kunywa maji jioni kwa kuogopa kutoka! Na usiku mwenzako akinyamaza kupumua kidogo kisha akavuta pumzi ndefu, usipige kelele kambi nzima ikaamka. Huko juu ni kawaida.

Njia ninayoipenda ni Chogoria, kwa ajili ya maziwa yake. Ubaya wake ni kwamba gari linakufikisha getini, karibu mita 3,000, na wewe juzi ulikuwa ufukweni. Hapo tunalala, mpende msipende. Kesho yake Ziwa Ellis, kisha Ziwa Michaelson, kama mita 4,000, chini ya majabali ya Bonde la Gorges. Ukipita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 hivi kati ya usiku mmoja na wa pili. Mchana panda utakavyo. Mahali pa kulala ndipo panapohesabiwa. Siku tatu zenu haziingii kwenye hesabu hiyo, hata mkisali.

Vidonge vya asetazolamaidi vinasaidia kweli, vinaharakisha ile kazi ya figo, lakini kamuulize daktari, si rafiki aliyebakiwa navyo. Mtu akivimeza, akapanda taratibu na akafika salama, siwezi kukuapia ni kipi kilichomsaidia. Wala siwezi kumtazama mtu getini nikajua ataumwa. Yuko niliyempandisha bila shida, akarudi tena kwa njia ile ile na mwendo ule ule, akatapika Ziwa Ellis. Kichwa kikikuuma naweza kudhani ni jua au kiu, ila nitakutendea kama mgonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na hutapanda hatua moja zaidi siku hiyo.

Ukianza kupepesuka kama mlevi, kusema maneno yasiyoeleweka, au kukosa pumzi hali umekaa, tunashuka saa ile ile, hata iwe usiku wa manane. Hatungoji asubuhi, wala hatujadiliani kuhusu pesa ulizolipa.

Na wewe mzamiaji, kama unazamia kwa mtungi, pumzika siku nzima au zaidi kabla hatujaanza safari ya kwenda juu. Gesi iliyoyeyuka mwilini ukiwa chini ya maji inaweza kukuletea balaa mgandamizo ukipungua. Unaijua sheria hiyo kwa ndege. Barabara ya mlimani nayo inakupandisha vilevile.