Ukuta kwa rangi za maji, bahari kwa tableti

Wanafunzi wa uchoraji wanaonitembelea hapa Bagamoyo, baadhi yao wa TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa mjini, huniuliza waanze na brashi au na tableti ya kuchorea. Mimi nachora picha za vitabu vya watoto, na karibu kila ukurasa wangu hupitia kote kuwili. Ila kila kimoja nimekipa kazi yake.

Nianze na ukuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa ikizeeka hubanduka, jiwe likachungulia, chumvi ikatoa madoa na mvua ikashusha michirizi. Ukiuchora ukuta wa namna hiyo kwenye tableti utahangaika na brashi za kila aina, na mwisho jicho litagundua doa lilelile linajirudia. Kwenye karatasi ya pamba, ile nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, rangi yenyewe inajua la kufanya. Buluu ya altramarini ina chembe nzito. Ichanganye na siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu, upate kijivu, kisha uitandaze kwa maji mengi: buluu itazama kwenye vishimo vya karatasi, na kahawia itajitenga kando yake. Hutapata madoa mawili yanayofanana, na ndivyo kuta zetu zilivyo.

Kijivu hichohicho, buluu ikizidi kidogo, ndicho kivuli cha baraza saa sita mchana. Nyeusi siigusi. Kivuli cha pwani hupokea buluu ya anga kutoka juu na joto la mchanga kutoka chini, kwa hiyo nyeusi hukiua kabisa. Weupe wa chokaa nao ni karatasi tupu niliyoiacha. Ndiyo maana nawasisitizia vijana waamue mwanga uko wapi kabla hawajalowesha brashi. Kwenye rangi za maji, weupe ukishaupoteza ni kazi kuurudisha.

Wakati wa masika hewa hujaa unyevu na tabaka la kwanza hukawia kukauka. Ukiharakisha la pili, unapata tope. Washa feni, subiri.

Picha ikikauka naiskani kwa doti 600 kwa inchi. Ukurasa wa A4 unaochapwa kwa doti 300 unahitaji pikseli 2480 kwa 3508 tu, lakini ile ziada inaniruhusu kukuza kona moja ya ukuta bila kuiharibu. Watu, ngalawa na kuku naviweka kwenye tableti, kila kimoja kwenye tabaka lake, kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya ukuta. Mhariri akitaka mtoto ahamie upande wa kushoto, namhamisha, ukuta unabaki salama.

Tableti siitoi nje kupaka rangi. Juani kioo huonekana cha giza, mkono unazidisha mwangaza wa rangi bila wewe kujua, na ukirudi ndani unakuta picha imepauka. Nje natoka na daftari na penseli.

Sasa bahari, ambayo naipaka kwenye tableti, na ndiyo inayowaponza wengi. Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mtambo wa kuchapa hutumia wino wa sayani (buluu ya kijani), majenta (waridi iliyokolea), njano na mweusi, na wino huo hauifikii feruzi, ile buluu-kijani inayowaka kwenye kioo. Kitabu kinatoka, bahari imefifia. Tena mimi huwa nabishana na wanaotaka feruzi kila ukurasa. Mto Ruvu humwaga maji yake kaskazini mwa mji huu, na mvua zikikolea bahari yetu huwa na rangi ya chai ya maziwa. Mtoto wa hapa anaiona kila siku. Anastahili kuikuta kitabuni.

Pale feruzi inapohitajika kweli, nashughulikia jirani zake: tanga la rangi ya kutu, mchanga wenye wekundu kidogo. Rangi ya joto ikikaa karibu, buluu hafifu huonekana imechangamka. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alipaka rangi za kopo za kung'aa kwenye hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, na ukitazama michoro ya mtindo wake utaona rangi moja inavyoinuliwa na ile iliyo kando yake. Somo hilo linafanya kazi kwenye tableti vilevile.

Kabla kitabu hakijachapwa naomba sampuli kwenye karatasi ileile itakayotumika, siyo ile ya glosi inayong'aa. Naitazama barazani mchana, kisha ndani chini ya taa, maana kitabu cha mtoto husomwa kote. Bahari ikionekana imekufa, nafungua tabaka la tanga na kuliongezea rangi ya chungwa. Maji siyagusi.