Je, wajua kwa nini dawa ya Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, hukata kabla ya saa yake?

Mzee amemeza kidonge saa 1 asubuhi. Saa 2 anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Ikifika saa 5, kidole gumba kimeanza kucheza, mguu unaburuta, jasho linamtoka na hofu imemshika bila sababu. Kidonge kingine ni saa 7. Nyumbani watasema ugonjwa umepanda, kumbe dawa imekata.

Dawa hiyo ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, kemikali inayolainisha mwendo. Haikai sana: hata ikiunganishwa na karbidopa, dawa inayoizuia isiharibike kabla ya kufika kwenye ubongo, kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa moja na nusu hivi. Ilikuwa hivyo tangu kidonge cha kwanza. Mbona basi miaka ya mwanzo mzee hakuhisi?

Chukua nyumba yenye tangi siku za mgao wa maji. Bomba likikauka, waliomo hata hawajui. Seli zinazotengeneza dopamini ndizo tangi: hupokea dawa, huiweka, huitoa kidogo kidogo. Parkinson huziua seli hizohizo. Zikishapungua sana, mgonjwa anaishi kwa maji ya bomba tu.

Na bomba lenyewe lina visa vyake. Levodopa huingia mwilini kupitia utumbo mwembamba, kwenye mlango uleule unaogombewa na protini ya chakula. Sahani ya maharage ikitangulia, kidonge kinapanga foleni. Ndiyo sababu wengi hushauriwa kukimeza nusu saa kabla ya kula au saa nzima baadaye, na wengine nyama na maharage huyasogeza hadi mlo wa jioni. Choo kigumu nacho kishughulikiwe. Tumbo zito huchelewesha dawa.

Daktari anaweza kugawa dozi iwe ndogo na ya mara kwa mara, au kuongeza entakaponi inayoirefushia levodopa maisha. Ila mpelekee daftari la siku tatu nne: saa ya kidonge, saa ya chakula, saa mwili ulipogoma. Usijiongezee dozi, mwili utaanza kujinyonganyonga wenyewe. Wala usiache ghafla, ni hatari.

Na upupu? Ndiyo, huuhuu unaowasha: mbegu zake zina levodopa kweli. Lakini kiasi hakilingani mbegu kwa mbegu, na ukizitumia kimyakimya, lile daftari litamdanganya daktari.