Soli za kupimiwa hazijengi upinde wa unyayo

Wengi huamini kwamba mwenye nyayo bapa, yaani zisizo na upinde katikati, akitengenezewa soli za kuweka ndani ya viatu kwa vipimo vya miguu yake, baada ya miezi kadhaa unyayo utajijengea upinde na mgongo utanyooka. Haiko hivyo. Soli hubadilisha namna uzito unavyogawanyika chini ya mguu: kisigino kilichokuwa kikibeba mzigo mkubwa hupumzika kidogo, na maumivu yanaweza kupungua. Ukivua viatu, unyayo ni uleule.

Tena nyayo bapa zisizouma kwa kawaida hazihitaji tiba. Watoto wadogo karibu wote wanazo, na wengi wao huota upinde wenyewe wakikua.

Kwa maumivu ya kisigino, usikimbilie kulipia soli za kupimiwa. Tafiti zimeonyesha kuwa zile za dukani mara nyingi husaidia vilevile. Za kupimiwa zina thamani hasa kwa mguu wenye umbo lisilo la kawaida, au kwa mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni, ambaye kidonda kidogo chaweza kuishia kukatwa mguu.

Ukipewa, anza kuzivaa saa moja au mbili kwa siku, kisha uongeze. Zikiendelea kuuma, mrudie aliyekupima azirekebishe.