Mtoto mkorofi kupita kiasi: je, ni kukosa viboko tu?

Kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kigoma, kuanzia Ujiji hadi Mwanga, kuna ujumbe usiozeeka: mtoto anayeiba, kupigana na kutoroka shule "amekosa viboko tu" au ametupiwa kitu, basi achapwe sawasawa au apelekwe kwa mganga. Si kweli.

Wataalamu wa afya ya akili wanalitambua tatizo la mwenendo: mtoto au kijana anayerudia kuumiza watu au wanyama, kuharibu mali, kuiba, kudanganya na kuvunja kanuni nzito, kwa takriban miezi 12 au zaidi. Kuchelewa kurudi kutoka mwaloni Kibirizi, pale boti zinapotia nanga, siku mbili tatu ni utundu wa kawaida. Chanzo si kimoja: kuna ya kurithi, kuna kutelekezwa, kuna ukatili nyumbani na, ajabu ya mambo, adhabu kali zisizotabirika. Yaani fimbo yenyewe yaweza kulichochea.

Mbona tunaamini? Kwa sababu mtoto akichapwa hunyamaza. Jioni hiyo. Wiki ijayo anarudia, nasi twasema kipigo kilikuwa kidogo.

Ukitaka kuhakiki, andika kwenye daftari: alifanya nini, wapi, nini kilitangulia. Muulize na mwalimu wake. Kisha nenda nalo hospitali, uulizie huduma ya afya ya akili. Huko mzazi hufundishwa kuweka kanuni chache, kuzisimamia bila kuyumba na kusifu jema.

Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mwandikie aliyeutuma faraghani, taratibu. Huenda naye ana mtoto wa hivyo nyumbani.