Kamera ilikuwepo, Tonks akachora kwa chaki

Kazi yangu ni kuchora picha za vitabu vya upasuaji, na wanafunzi hawachoki kuniuliza: kamera zipo, mchoro wa nini? Huwa nawapeleka hadi mwaka 1916, hospitali ya kijeshi ya Aldershot, Uingereza.

Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyopiganwa mahandakini, viliharibu nyuso vibaya sana. Mwili umefichwa ardhini, kinachochungulia ni kichwa. Kofia ya chuma ilikinga fuvu, lakini pua na taya zilibaki wazi kwa vipande vya mabomu. Majeruhi hao walipokelewa na Harold Gillies, daktari mzaliwa wa New Zealand. Wa kumchorea akawa Henry Tonks, aliyewahi kuwa daktari wa upasuaji kabla hajaacha kisu na kufundisha uchoraji katika shule ya Slade, London.

Zamani kingo za jeraha zilivutwa zikashonwa pamoja. Likipona, kovu linakaza, mdomo unakwenda upande, jicho linashuka. Gillies alifungua upya, akarudisha kila kilichobaki mahali pake, hata kama tundu lingezidi kuwa kubwa, ndipo akatafuta ngozi na mfupa wa kuliziba. Basi ilimpasa kujua kwanza kipi kimepotea na kipi kimehama tu. Hapo picha za kamera za wakati ule, nyeusi na nyeupe, zilimtupa mkono, kwani damu na kivuli vilifanana. Chaki za rangi za Tonks zinatenganisha wekundu wa nyama mbichi na weupe wa kovu. Hatua za upasuaji wenyewe alizichorea michoro mingine, ya mistari.

Ila macho ya majeruhi Gillies hakuyahitaji, na Tonks ameyachora kwa uangalifu uleule. Wengine huita huruma. Mimi naona mkono wa mwalimu wa sanaa: hakuweza kuchora pua bila mwenye pua.

Tonks mwenyewe aliziona picha hizo kuwa za kutisha mno kwa macho ya umma. Leo nyingi zinahifadhiwa na Royal College of Surgeons, chuo cha madaktari wa upasuaji, London, na mitandaoni huzunguka bila mwaka wala maelezo, watu wakizishangaa kama vioja. Darasani naonyesha kwanza zile zenye jozi, kabla na baada ya upasuaji, kisha nawaambia wanafunzi wanionyeshe ngozi ya kuziba imeshonwa wapi.