Koili fupi haili umeme kidogo

Mwezi wa saba pale Uyole, Mbeya, maji ya bomba yanauma mifupa. Kila nyumba inapasha, na dhana za umeme ninazozisikia huwa nyingi kuliko msimu mwingine wowote.

Inayoongoza: koili ya jiko ikikatika, toa kipande kilichoungua, unganisha kilichobaki, na jiko litakula uniti chache kwa sababu waya umepungua. Ni kinyume kabisa. Chukua jiko la wati 1000 kwenye umeme wa volti 230. Gawanya wati kwa volti, unapata mkondo wa ampea 4.35. Gawanya volti kwa mkondo huo, unapata ukinzani, yaani kiasi waya unavyozuia mkondo, wa omu 53 hivi. Toa robo ya koili, zinabaki omu 40. Soketi haina habari na ulichokata, inaleta volti 230 zilezile. Mkondo unapanda hadi ampea 5.75, na jiko sasa ni la wati 1320 na kitu. Maji yanachemka upesi na fundi anasifiwa. Koili nayo inawiva kupita ilivyozoea, na haichukui muda inakatika tena.

Hapa wanafunzi wangu wa tuisheni hunibana: "Mwalimu, si ulituambia nguvu, yaani wati, ni mkondo mara mkondo mara ukinzani? Ukinzani ukipungua, mbona nguvu isipungue?" Fomula haina kosa. Wao wameuacha mkondo palepale, wakati umeshapanda. Nyumbani kinachosimama ni volti, kwa hiyo ni rahisi kutumia volti mara volti, gawanya kwa ukinzani.

Lakini msiitupe ile ya kwanza, maana ndiyo inayoeleza plagi zinazoyeyuka. Birika la wati 2000 lina ukinzani wa omu 26 na nusu. Plagi ikilegea, pale panapogusana panaweza kuongezeka nusu omu. Mkondo wa ampea 8.5 unapita kote, kwenye birika na kwenye plagi. Zidisha: 8.5 mara 8.5 mara 0.5, ni wati 36 ndani ya kijiplastiki cha kushika kwa vidole viwili. Mtu analaumu birika kumbe ugonjwa uko ukutani.

Wengine hufurahia umeme unaposhuka jioni, eti mita ya LUKU inapumzika. Volti zikifika 180, jiko letu la wati 1000 halibaki na 780 kama wengi wanavyokisia, bali 612 tu, kwa sababu mkondo nao umeshuka pamoja na volti. Uniti zinakatwa polepole, sawa, ila sufuria inakaa jikoni muda mrefu zaidi huku joto likipotelea kwenye baridi ya Mbeya. Hadi maji yachemke, umetumia uniti zilezile au zaidi.

Na ile taa ya zamani ya wati 100? Kwa hesabu ina omu 529. Ukiipima kwa mita ya fundi ya kupimia ukinzani ikiwa imezimwa, inasoma makumi machache tu, na nimeona mita isiyo na hitilafu ikitupwa kwa kosa hilo. Waya wake ni wa tangsteni, na ukinzani wake hupanda zaidi ya mara kumi unapowaka. Hesabu ilikuwa ya taa inayowaka, mita ilipima taa baridi.